Kijiji Kilichomfichua Mwandishi Wake

Tarehe 1 Februari 1859 kampuni ya uchapishaji ya William Blackwood and Sons, yenye makao yake Edinburgh, ilitoa riwaya iliyoitwa Adam Bede, ikiwa katika juzuu tatu na ikibeba jina la mtungaji aitwaye George Eliot. Jina hilo halikuwa la mtu yeyote aliyebatizwa nalo, kwa kuwa lilikuwa lakabu, yaani jina la kupanga ambalo mtungaji hulivaa ili jina lake halisi lisijulikane. Mwenye lakabu hiyo alikuwa Marian Evans, mwanamke wa miaka 39, binti wa seremala aliyepanda daraja hadi kuwa msimamizi wa mashamba ya kabaila mmoja wa mkoa wa Warwickshire, katikati ya Uingereza. Hapo kabla alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi tatu za maisha ya makasisi katika jarida la kampuni hiyo hiyo, nazo zikakusanywa kitabuni mwaka 1858, lakini riwaya kamili hakuwa ametunga, na kwa hiyo Adam Bede ndiyo riwaya yake ya kwanza. Wahakiki wengi huyazungumzia maudhui ya kitabu hiki mahali pamoja, na zogo lililozuka baada ya kuchapishwa kwake mahali pengine, kana kwamba la kwanza ni sanaa na la pili ni umbea wa mjini, ilhali mambo hayo mawili ni kamba moja yenye ncha mbili, kwa sababu ule ukweli wa kijiji uliokipa kitabu uhai wake ndio uliozifanya siri za mwandishi zisiweze kukaa.

Kijiji chenyewe kinaitwa Hayslope, nacho kimewekwa katika mkoa wa kubuni uitwao Loamshire, jina linalotokana na udongo tifutifu wenye rutuba, jirani na mkoa mwingine wa kubuni uitwao Stonyshire, yaani nchi ya mawe, ambako watu ni maskini zaidi na hufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Msomaji aliyezijua sehemu hizo hakuhitaji kuambiwa kwamba Loamshire ni Staffordshire na Stonyshire ni Derbyshire, wala kwamba Hayslope imechorwa kwa kufuata kijiji cha Ellastone, kilicho karibu na mto Dove unaoitenga mikoa hiyo miwili. Ellastone ndiko Robert Evans, baba wa mwandishi, alikofanya kazi ya useremala katika ujana wake kabla ya kuhamia Warwickshire, na binti yake, aliyezaliwa Arbury tarehe 22 Novemba 1819, hakuwahi kuishi huko, bali alikijua kijiji hicho kwa masimulizi ya baba na kwa ziara chache za kuwatembelea jamaa. Hivyo Hayslope ni kijiji kilichopokewa kwa sikio kabla ya kuandikwa kwa kalamu, na hilo linaeleza kwa nini sauti za watu zimo humo kwa wingi kuliko sura za majumba.

Hadithi inaanza tarehe 18 Juni 1799, katika karakana ya Jonathan Burge, ambamo mafundi wanaranda mbao za misonobari na kutengeneza milango na fremu za madirisha. Miaka sitini iliyotenganisha tarehe hiyo na ile ya kuchapishwa haikuwa mingi kiasi cha kukifanya kitabu kuwa cha kale, lakini ilitosha kuyaweka matukio upande wa pili wa reli, viwanda vikubwa na mageuzi ya sheria za uchaguzi, katika zama ambazo kijiji cha Kiingereza kilikuwa bado na ngazi zake zote: juu kabisa kabaila mwenye ardhi, kando yake kasisi wa parokia aliyekula mapato ya kanisa na mara nyingi akashiriki meza na uwindaji wa kabaila, chini yao wakulima wapangaji waliolilima shamba la mwingine kwa kodi, kisha mafundi wenye stadi zao, na mwisho vibarua waliolipwa kwa wiki. Mwandishi hazielezi ngazi hizo kwa nadharia, bali kwa jinsi kila mtu anavyovua kofia, anavyoketi karamuni, au anavyoingia kwa mlango wa mbele ama wa nyuma.

Msuko wa hadithi, yaani mpangilio wa matukio yake, si mgumu kuusimulia. Adam Bede ni seremala hodari, mwaminifu na mwenye kiburi cha kazi yake, anayempenda Hetty Sorrel, msichana mzuri ajabu wa miaka 17 anayetengeneza siagi katika shamba la mjomba wake, Martin Poyser. Hetty naye ametekwa na Arthur Donnithorne, mjukuu na mrithi wa kabaila, kijana mwenye moyo mzuri na azma dhaifu, ambaye kila asubuhi hukusudia kumkwepa na kila jioni hujikuta msituni pamoja naye. Adam anawafumania, anapigana na Arthur, na Arthur anaondoka kwenda jeshini, huku Hetty akikubali kuposwa na Adam kabla hajaitambua hali yake. Anapokwisha kujua kwamba ni mjamzito anaificha mimba hiyo, anatoroka kumtafuta Arthur hadi Windsor, anaambiwa kwamba kikosi chake kimekwenda Ireland, na katika kurudi kwake bila fedha wala pa kulala anajifungua kwa mtu baki, kisha anakiacha kichanga chake mwituni kikiwa kimefunikwa kwa majani na vipande vya mbao. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kinachomuumbua msichana si chake mwenyewe. Anakamatwa, anahukumiwa kunyongwa, na anaokolewa dakika ya mwisho kwa hati ya kubadilishiwa adhabu, ili apelekwe katika koloni la mbali.

Kinachokibeba kitabu ni namna mwandishi alivyokataa kumtazama mtu yeyote wa kijiji hicho kwa haraka. Katika sura ya 17 anaisimamisha hadithi kwa makusudi na kuzungumza na msomaji juu ya uhalisia, istilahi inayotumika kutaja mtindo wa sanaa unaojifunga kuwaonyesha watu na mambo yalivyo bila kuyapamba, na mfano anaouchagua ni michoro ya Waholanzi wa karne ya 17, waliochora vikongwe wakimenya karoti na harusi za wanakijiji wenye mabega yaliyoinuka na nyuso zisizo na uzuri, wakati ambapo sanaa iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa ya malaika, manabii na mashujaa. Dai lake ni kwamba huruma ya binadamu ikijifunza kuwapenda watu wa kubuni waliotakata tu, itashindwa kumvumilia jirani wa kweli mwenye pua iliyopinda na hasira za karibu. Leo dai hilo huonekana kuwa la kawaida, kwa sababu riwaya nyingi za lugha nyingi zimekwisha kulifuata, lakini mwaka 1859 lilikuwa tangazo la mtu anayeingia uwanjani na kusema waziwazi atacheza kwa kanuni zipi.

Mfano bora wa kanuni hizo unapatikana katika shule ya usiku ya mwalimu Bartle Massey, kiwete mwenye ulimi mkali, ambamo watu wazima watatu wanahangaika kusoma baada ya kazi za mchana: mkata mawe kwa msumeno, mfyatua matofali aliyeokoka na anayetaka kuisoma Biblia, na mtia rangi vitambaa anayetaka kusoma ili ajue siri za kuchanganya rangi katika ufundi wake. Watatu hao hawana kazi katika msuko wa hadithi, na mhariri mwenye haraka angewafuta. Mwandishi amewapa ukurasa mzima, akaonyesha jinsi kidole kizito kinavyolifuata neno moja fupi kwa jasho, na jinsi yule mwalimu mkali anavyolainika mbele ya watu ambao kusoma kwao kunawauma mwilini. Yeyote aliyewahi kuona darasa la elimu ya watu wazima, katika nchi yoyote, ataitambua taa hiyo na kimya hicho.

Mhusika aliyependwa kuliko wote, hata hivyo, ni Bibi Poyser, mke wa mkulima mpangaji, mwanamke mwembamba, mwenye afya isiyo thabiti na jiko safi kupita kiasi, ambaye hawezi kusema sentensi tatu bila ya moja kuwa na umbo la methali. Wasomaji wa wakati huo walidhani mwandishi alikuwa amekusanya misemo ya wazee wa mashambani, naye akaeleza kwamba hakuna msemo hata mmoja wa mwanamke huyo uliookotwa, bali yote ilibuniwa kwa ajili yake. Jambo hilo linastahili kuzingatiwa na wasikilizaji wa Kiswahili, wanaojua tofauti kati ya mtu anayezirudia methali za wahenga na mtu anayesema jambo jipya likaonekana lilikuwapo tangu zamani, kwani huo wa pili ni ujuzi adimu sana. Misemo yake inatoka katika maziwa, kuku na chachu ya mkate, na inapofika siku ambayo kabaila mzee anakuja na hila ya kuwanyang'anya sehemu nzuri ya shamba, Bibi Poyser anamfuata hadi uani akimwambia ukweli wote ambao wapangaji wa parokia nzima walikuwa wameumeza kwa miaka mingi. Mumewe anaogopa kwamba watafukuzwa, naye anajibu kwa maana kwamba mtu hawezi kuishi milele huku maneno yakimwozea tumboni.

Usemi wa wahusika hao umeandikwa kwa lahaja, yaani namna ya kuzungumza lugha inayohusu eneo fulani, na mwandishi aliipima kwa uangalifu: Lisbeth, mama yake Adam, na vibarua wana lahaja nzito, Adam ana nyepesi zaidi anapoongea na wakubwa wake na nzito zaidi anaposema na mama yake, na Arthur hana kabisa. Msomaji wa riwaya za Kiswahili aliyeona mwandishi akimpa mhusika mmoja Kiunguja sanifu na mwingine Kimakunduchi au Kipemba atafahamu kwamba jambo hilo si pambo, kwa sababu lahaja humwambia msikilizaji mtu ametoka wapi, amesoma kiasi gani na anamwogopa nani, kabla hajaambiwa lolote jingine.

Chimbuko la hadithi yote lilikuwa simulizi moja la shangazi. Elizabeth Evans, mke wa ndugu wa Robert Evans, alikuwa mhubiri wa Wamethodisti, madhehebu yaliyotokana na uamsho wa kidini ulioongozwa na John Wesley katika karne ya 18, ambayo yalipeleka mahubiri viwanjani na migodini kwa watu ambao kanisa la serikali liliwasahau, na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yaliwaruhusu baadhi ya wanawake kuhubiri. Mwaka 1802, kabla hajaolewa, Elizabeth alikesha gerezani Nottingham pamoja na Mary Voce, mwanamke aliyehukumiwa kwa kumuua mtoto wake, akaomba naye hadi akakiri, kisha akapanda naye mkokoteni hadi kwenye mti wa kunyongea. Miaka karibu arobaini baadaye alimsimulia jambo hilo mpwa wa mumewe, msichana wa miaka ipatayo ishirini wakati huo, naye akalihifadhi moyoni kwa karibu miaka mingine ishirini. Katika riwaya, Elizabeth amekuwa Dinah Morris, mhubiri kijana afanyaye kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku wa gerezani umekuwa sura ambayo Hetty, aliyekuwa amejifunga kama jiwe mbele ya mahakama, anafunguka gizani na kueleza jinsi alivyokiacha kichanga, akaondoka, akarudi, na jinsi alivyoendelea kukisikia kilio chake. Sura hiyo haina neno la ziada, na ndiyo kilele cha kitabu.

Haina budi kusemwa pia kwamba huruma ile iliyotangazwa kwa sauti katika sura ya 17 haimfikii Hetty kwa ukamilifu. Msimulizi, yaani ile sauti inayotoa hadithi, anamfananisha mara kwa mara na paka wachanga na vifaranga vya bata, anaurejea uzuri wake kana kwamba ni kosa alilolitenda, na humhukumu kwa ujinga ambao hakuna aliyewahi kumfundisha kuuacha, ilhali Arthur, aliyekuwa na elimu, mali na umri, anapewa kurasa nyingi za kueleweka. Ni katika safari ya kurudi kutoka Windsor tu, msichana anapotembea akitafuta bwawa la kujizamisha na asiweze kujitosa, ndipo msimulizi anapoacha kumhukumu na kuanza kutembea naye. Udhaifu mwingine ni Arthur kuja mbio juu ya farasi akiipunga hati ya kuokoa katikati ya umati, tukio lililotoka zaidi katika jukwaa la maigizo ya machozi kuliko katika kijiji kilichoandikwa kwa ukweli kiasi kile. Mary Voce halisi hakuletewa hati yoyote.

Marian Evans aliianza kazi hiyo tarehe 22 Oktoba 1857 akaimaliza tarehe 16 Novemba 1858, akiandika Richmond karibu na London, kisha Munich na Dresden huko Ujerumani, pamoja na George Henry Lewes, mwandishi wa sayansi na falsafa aliyekuwa mwenzi wake. Lewes ndiye aliyependekeza kwamba Dinah aolewe na Adam mwishoni, na ndiye aliyehofu kwamba Adam anapokea tu mapigo bila kutenda, hofu iliyozaa lile pambano la Adam na Arthur msituni. Mchapishaji, John Blackwood, alikuwa na shauku na wasiwasi kwa pamoja. Alitaka kuitoa kwanza kwa vipande katika jarida lake, lakini alipotaka kuelezwa mapema jinsi hadithi itakavyoendelea mwandishi alikataa, akisema kwamba habari ya kifo cha mtoto ikielezwa kwa muhtasari itaonekana chafu, na kwamba namna ya kuisimulia ndiyo itakayoamua maana yake. Hatimaye walikubaliana itoke kama kitabu moja kwa moja, naye akalipwa paundi 800 kwa hakimiliki ya miaka minne, yaani haki ya kuchapisha na kuuza kwa muda huo.

Umbo la juzuu tatu linahitaji maelezo, kwa kuwa lilikuwa biashara zaidi ya kuwa sanaa. Riwaya mpya ya aina hiyo iliuzwa kwa shilingi 31 na peni 6, bei iliyozidi kwa mbali uwezo wa familia ya fundi au kibarua, na hivyo wanunuzi wakubwa hawakuwa wasomaji bali maktaba za kukodisha vitabu, ambako mwanachama alilipa ada ya mwaka na kuazima juzuu moja baada ya nyingine. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Charles Edward Mudie jijini London, aliyetoza paundi moja na shilingi moja kwa mwaka, na ambaye idhini yake iliweza kukiinua au kukizamisha kitabu, maana alichagua vile tu ambavyo baba angeviacha mezani bila kuhofia binti zake. Kwamba riwaya yenye mimba ya nje ya ndoa na kifo cha kichanga ilipenya katika mlango huo ni ushahidi wa jinsi ilivyosimuliwa. Toleo la juzuu tatu lilipokwisha, Blackwood alitoa toleo la juzuu mbili kwa shilingi 12, na kabla mwaka haujaisha nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita 10,000. Blackwood, ambaye mkataba haukumlazimisha kutoa hata senti, alimwongezea mwandishi paundi nyingine 800, tendo la uungwana ambalo historia ya uchapishaji haina mifano mingi yake.

Gazeti la The Times lilikisifu kitabu kwa moyo mkunjufu, na mwezi Machi mbunge Charles Buxton alitumia msemo wa Bibi Poyser katika Bunge la Uingereza, jambo lililompa fahari mwandishi aliyekuwa bado gizani. Malkia Victoria alipendezwa kiasi cha kumwagiza mchoraji Edward Henry Corbould amchoree matukio mawili kutoka katika riwaya hiyo. Jarida la Saturday Review, kwa upande wake, lililalamika kwamba dalili za ujauzito wa Hetty zimefuatwa kwa ukaribu usiofaa katika fasihi, lalamiko linalomshangaza msomaji wa leo, ambaye anaweza kuisoma riwaya yote akahisi kwamba mimba hiyo imetajwa kwa staha ya kupindukia.

Hapo ndipo kijiji kilipoanza kumfuata mwandishi wake. Watu wa mji wa Nuneaton na sehemu nyingine za Warwickshire, waliokwisha kuwatambua majirani wao katika zile hadithi za makasisi, wengine hata wakaorodhesha nani ni nani, walikuwa na hakika kwamba mtungaji ametoka miongoni mwao, na sasa jamaa wa upande wa Staffordshire na Derbyshire nao walimtambua Elizabeth Evans katika Dinah. Hoja yao ilikuwa sahihi kabisa. Walipokosea ni katika kumtafuta mtu mwenyewe, kwa sababu walimtafuta mwanamume. Walimpata Joseph Liggins, mtu wa Nuneaton aliyekuwa na elimu kiasi na maisha yaliyoharibika, ambaye hakudai mwanzoni lakini pia hakukana, kisha akazoea. Ilienezwa kwamba amevitunga vitabu hivyo bila ya kulipwa chochote na Blackwood, watu wema wakaanza kumchangia fedha, na Aprili 1859 kasisi mmoja akaandika katika The Times kumtangaza kuwa ndiye mtungaji. George Eliot akajibu katika gazeti hilo hilo kukanusha, lakini kanusho la jina lisilo na mwili lilikuwa na uzito gani mbele ya mtu wa kuonekana, anayeishi mahali panapojulikana? Tena mchapishaji mmoja wa London, Thomas Newby, akatangaza kitabu kilichoitwa mwendelezo wa Adam Bede, ambacho mwandishi hakuwa na habari nacho.

Wakati Warwickshire ikimwandama Liggins, mtu mmoja aliijua sauti yenyewe kutoka mbali sana. Barbara Bodichon, mchoraji na mpigania haki za wanawake aliyekuwa akiishi Algiers, alisoma dondoo chache za riwaya katika uhakiki wa gazeti, akamwandikia Marian Evans barua akimwambia kwa furaha kwamba amemtambua, kwani hakuna mwingine awezaye kuwaza hivyo. Hakukijua kijiji cha Ellastone wala baba seremala, bali aliijua akili ya rafiki yake, na jambo hilo linaonyesha kwamba ukweli wa kitabu hiki haukuwa katika nyuso zilizonakiliwa tu.

Sababu za kujificha zilikuwa nzito. Mwaka 1856 Marian Evans mwenyewe alikuwa ameandika makala makali katika Westminster Review dhidi ya riwaya za kipuuzi zilizotungwa na wanawake, akilaumu pia wahakiki waliozisifu za hovyo na kuzibana zilizo nzuri, kwa hiyo alijua kwamba jina la kike lingekipatia kitabu kipimo tofauti. Aliwahi kutafsiri kazi za Wajerumani Strauss na Feuerbach zilizoichambua imani ya Kikristo, naye mwenyewe alikuwa ameacha imani hiyo, jambo ambalo lingeyatilia shaka mahubiri ya Dinah machoni pa wachamungu, ingawa heshima aliyompa mhubiri huyo ilikuwa ya kweli kabisa. Zaidi ya yote, tangu 1854 aliishi na Lewes, ambaye alikuwa na mke aliye hai na ambaye sheria haikumruhusu kumtaliki kwa kuwa alikuwa amemsajili kwa jina lake mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yao. Isaac, kaka yake Marian, alipopata habari mwaka 1857 alikata mawasiliano naye, na hakumwandikia tena hadi 1880. Mtu aliyekuwa akiliandikia taifa zima kuhusu kijiji cha baba yake hakuweza kupokea hata salamu moja kutoka katika nyumba ya baba huyo.

Mwishoni mwa Juni 1859 siri iliachiliwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Liggins, maana kuendelea kunyamaza kulikuwa kunawaumiza waliomchangia. Jarida la Athenaeum likachapisha maneno ya dharau juu ya mwandishi na mwenendo wake, na wasomaji waliokuwa wamekilia kitabu hicho wakajiuliza kama walikuwa na haki ya kulia. Kitabu kiliendelea kuuzwa. Mwandishi naye hakuliweka jina lake halisi katika jalada lolote lililofuata, bali alilishika lile la George Eliot hadi mwisho wa maisha yake, ingawa halikuwa tena pazia.

Katika hatima ya riwaya, iliyowekwa mwezi Juni 1807, Dinah ni mke wa Adam na mama wa watoto wawili, na hahubiri tena, kwa sababu mkutano mkuu wa Wamethodisti, kama ulivyofanya kweli mwaka 1803, ulikuwa umewazuia wanawake karibu wote kuhubiri. Adam anaona kwamba mkewe amefanya vyema kutii. Seth, mdogo wake Adam, ambaye zamani alimpenda Dinah na kumkosa, anaona kwamba walipaswa kuhamia kwa watu ambao hawataufunga mdomo wa mwenye karama, naye anasema hivyo waziwazi mbele yao. Dinah, aliyekuwa akisimama juu ya mkokoteni katika uwanja wa Hayslope na kuwafanya watu wagumu watoe machozi, hasemi kama amekubali au ameumia, bali anageuza mazungumzo mara moja, akamuuliza Adam kama alikumbuka kumfikishia Arthur ujumbe aliotumwa.